Rangi Nyekundu Kwenye Bolti za Sampo

Yusta,

Hii si barua ya kukuaga. Wa kukuaga ni mama yako, ambaye toka asubuhi anakaanga vitumbua utadhani unakwenda kuolewa. Mie nakuandikia kwa sababu leo ni siku ya tano hujanipa shikamoo. Unapita mbele yangu kama unapita mbele ya ukuta, na mimi sina umri wa kumkimbilia mtoto nyuma nikimwomba anisikilize. Karatasi utaisoma. Hujawahi kuacha karatasi bila kuisoma, hata ile inayofungiwa karanga.

Niko gereji. Ni Jumamosi, alasiri inakwisha, wenzangu wamekwenda kutazama mpira. Nimebaki na ile pikapu uliyoniomba nikakunyima mbele ya watu. Nilikwambia, "Kapande basi, wenye akili kuliko wewe wanapanda." Nakumbuka nilivyosema, huna haja ya kunikumbusha. Sasa hivi iko juu ya stendi, pampu mpya ya oili iko ndani, na sampo, lile bakuli la oili la chini ya injini, nimeshaifunga. Gundi ya silikoni niliyopaka kwenye sampo inataka ilale mpaka kesho alfajiri ndipo nimimine oili. Kwa hiyo nina saa nyingi za kukaa bure na kalamu ya kuandikia risiti.

Usidhani nakupa gari kwa upendo. Nakupa kwa sababu sitaki uingie gereji ya Mwinyi na begi kichwani kama mtu aliyefukuzwa kwao, halafu yule mtu akuonee huruma. Huruma yake siitaki. Si kwako, si kwangu.

Basi tuanze na huyo Mwinyi wako.

Uliporudi kutoka Makambako baada ya mafunzo yenu ya vitendo, ulikuwa na wimbo mmoja. Mzee Mwinyi kasema hivi, Mzee Mwinyi kafanya vile, Mzee Mwinyi hafungi bolti bila kuitia alama ya rangi. Nilikuwa nakula. Nikakuuliza, "Mwinyi yupi?"

"Fundi mmoja wa huku huku kwetu, baba. Mzaramo wa Mbagala. Anasema mnafahamiana. Kasema nikusalimie, nikwambie yeye bado anatumia nyeupe."

Nikaendelea kutafuna. Ukauliza, "Nyeupe ya nini?"

Nikakwambia yule ni mwongo na tapeli, alitoroka mji huu kwa aibu, na nisisikie tena jina lake kwenye chakula. Ukasema, "Mbona yeye hajasema neno baya juu yako? Kauliza tu kama bado unaimba nyimbo za Kasulu ukiwa chini ya gari." Ukacheka. Mie nikasukuma sahani. Wiki mbili baadaye ukatangaza kwamba umepata kazi, na kazi yenyewe iko kwake.

Halafu ikaja Jumatatu ya wiki hii. Uliingia chini ya pikapu bila kuniuliza, ukatoka na uso umejaa mafuta, ukasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa mama ntilie, "Baba, nani kakata waya wa taa ya oili?"

Kila mtu aligeuka. Side mpiga rangi akasema, "Mtoto kasoma huyu! Leo tutaumbuka wote!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikakurushia spana. Haikukupata. Siandiki hivyo ili unisamehe. Haikukupata kwa sababu sina shabaha, basi.

Waya niliukata mie. Ile pikapu taa yake ilianza kucheza mwaka jana, sikutaka kufungua sampo, nikakata. Umeiendesha miezi yote hiyo, kwenda Ukonga kwa shangazi yako, kwenda kuchukua vyuma, na kila ulipotazama pale mbele palikuwa pametulia. Palitulia kwa sababu nilipaziba mdomo.

Mwalimu wenu wa chuo alikwambia pampu ya oili ni moyo wa gari. Ulikuja ukanisomea kwenye daftari. Mie niliishia darasa la sita na sibishani na mwalimu, ila hapo alikosea. Moyo ukigoma mtu anaanguka hapo hapo, kila mtu anaona. Pampu haifanyi hivyo. Pampu ikichoka gari linaendelea kutembea, linacheka na wewe. Asubuhi oili ikiwa baridi bado nzito, taa inazima kama kawaida. Unatoka, unaingia kwenye foleni, injini inapata moto, oili inakuwa nyepesi kama chai, na pale unaposimama ndipo taa inaanza kukonyeza. Ukikanyaga mafuta inazima tena. Hapo ndipo watu wanadanganyika. Wanasema ni waya tu, ni swichi tu. Wengine wanaweka oili nzito kuliko inayotakiwa ili taa ipate haya, na wapo wanaouzia mtu gari likiwa katika hali hiyo. Huko ndani vyuma vinalana.

Hayo sikujifunza kwenye daftari. Alinifundisha Mwinyi.

Umeshangaa? Kaa chini.

Nilipofika mjini kutoka Kasulu sikuwa na mtu. Nilikuwa nabeba mizigo sokoni, nalala nilipochokea. Mwinyi alinikuta nimekaa hapa nje ya gereji, nikamwomba maji. Akanipa maji, kisha akanipa kitambaa akasema, "Futa hizo spana, Mha wewe, usikae kama mgeni wa harusi." Nililala barazani kwa mama yake Mbagala karibu mwaka mzima. Yeye ni mtu wa injini. Mie nilikuwa wa matairi na springi, akanitoa huko taratibu akaniingiza kwenye injini. Alinizidi umri, nilikuwa nampa shikamoo kila asubuhi, naye anaitikia huku ananitukana.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni rangi. Ukishakaza bolti mpaka mwisho, unaitia tone la rangi kichwani. Yake nyeupe, yangu nyekundu. Akaniambia, "Bolti isiyo na rangi haina mwenyewe. Na yenye rangi, mwenyewe yupo." Hapa kwetu kila fundi alikuwa na yake. Gari likirudi na tatizo, hakuna kuulizana. Mtu analala chini, anatazama.

Umeniuliza mara ngapi kwa nini baba yako haweki alama? Ulinunua kalamu yako ya njano ukaanza kuniandikia kwenye bolti zangu kama unanisahihisha. Nikakuchapa makofi mikononi. Sasa soma.

Ulikuwa darasa la nne. Kulikuja gari dogo la mwalimu mmoja wa Ukonga, mwanamke mpole, taa ya oili inakonyeza. Mwinyi alifungua sampo asubuhi, akatoa pampu, akaifungua tukaona ndani imejaa mikwaruzo. Pampu mpya ikaletwa. Ilipofika mchana akaja kijana mbio kutoka Mbagala, dada yake Mwinyi amefariki. Mwinyi alinawa mikono, akavaa shati, akaniambia mambo matatu huku anafunga vifungo. Pampu mpya usiifunge kavu, ijaze oili kwanza, uizungushe kwa mkono mpaka uone imetema. Silikoni ya sampo iwe nyembamba kama uzi, ikae usiku mzima. Na kama huna uhakika, usifunge, mwambie mwalimu anisubiri.

Nilikuwa na uhakika. Ndiyo ulikuwa ugonjwa wangu. Nilitaka arudi msibani akute kazi imekwisha, aseme mbele ya watu kwamba Mha kaiva.

Pampu niliifunga kavu kama ilivyotoka kwenye boksi. Silikoni nikapaka kama mtu anayepaka siagi mkate wa mwanaye. Nikakaza bolti, nikatia nyekundu yangu, zote, najivuna. Sikusubiri usiku. Sikusubiri hata saa moja. Mwalimu alisema kesho yake anampeleka mama yake hospitali Mwananyamala, akaja jioni kufuata gari. Nikamimina oili nikawasha. Nikazunguka nalo mtaani, injini ikapata moto, nikarudi, nikasimama langoni. Taa ikakonyeza.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, ananitabasamia. "Limekuwa tayari, fundi?"

Nikasema, "Dakika tano tu, mwalimu, nakaza kitu."

Nikafungua boneti, nikakata waya wa taa, nikafunga tepu. Dakika tano zilikuwa nyingi, nilitumia mbili.

Unajua silikoni iliyozidi inakwenda wapi, umefundishwa. Ukikaza sampo ile iliyobanwa ndani inaning'inia kama minyoo. Oili ikipita inaing'oa, inakwenda kukwama kwenye chujio la pampu. Pampu inavuta, haipati. Hata ingekuwa mpya namna gani.

Gari lilinoki, injini ikakwama kabisa, njiani kesho yake, kabla hawajafika mjini. Yule mama mzee alikuwa na sukari na miguu yake imevimba. Walikaa juani muda mrefu kabla ya kupata gari lingine. Hakufa. Najua ulikuwa unasubiri niseme alikufa. Alifika, akatibiwa, akarudi kwake. Lakini siku ya tatu mwalimu alipokuja hapa na gari limevutwa kwa kamba, alikuwa ameshika viatu vya mama yake mkononi. Sijui kwa nini alivibeba, labda vilibaki kwenye gari akavikuta siku hiyo. Hakupiga kelele. Alivishika tu hivyo, akauliza nani alitengeneza.

Mwinyi alikuwa amerudi asubuhi hiyo hiyo, macho mekundu ya msiba. Mwenyekiti wetu wa gereji akasema injini ishushwe ifunguliwe mbele ya kila mtu. Nikasema kwa sauti kubwa, "Ngoja kwanza nimwage oili." Nikaingia chini. Nilikuwa na kopo, na mfukoni nilikuwa na kitambaa kimelowa petroli.

Umeshaelewa. Lakini nitaliandika, kwa sababu sijawahi kulitamka, hata kwa mama yako. Nilifuta nyekundu zote. Bolti moja baada ya nyingine, oili inanidondokea shingoni. Nilipotoka, bolti za ile sampo hazikuwa na mwenyewe.

Wakafungua. Wakakuta minyoo ya silikoni kwenye chujio, wakakuta beringi zimeyeyuka, wakakuta na waya umekatwa. Mwenyekiti akauliza, "Nani alifunga hii?"

Nikasema, "Mie mtu wa matairi. Injini ni za Mwinyi. Yeye ndiye aliyefungua."

Mwinyi akanitazama. "Baba Yusta, unasema mie?"

"Si wewe ulianza kazi?"

"Hizi bolti hazina nyeupe."

Na mie, ambaye nimelala barazani kwa mama yake, nikasema, "Labda ulisahau, kaka. Ulikuwa na msiba."

Alilala chini, akatazama zile bolti kwa karibu, akanusa kidole chake. Petroli haijifichi kwa fundi. Akainuka, akajipukuta, akamwambia mwalimu, "Nisamehe, mama. Injini nyingine nitakutafutia." Akaitafuta, akaifunga kwa mikono yake, peke yake, siku nne bila kuzungumza na mtu. Siku ya tano hakuja. Watu wakasema katoroka. Mie ndiye niliyeanza kusema.

Nimekaa hapa miaka yote hii, mtu wa Kasulu, nakula mji ambao mwenyewe wake nimemtoa mie. Yeye, aliyezaliwa na joto la Mbagala, yuko Makambako anavaa koti na kofia ya sufu. Mama yake alizikwa nikiwa hapa hapa Temeke, na sikwenda, nilisema nina kazi. Ukinisikia namtukana, ujue namtukana kwa sababu hajawahi kunitukana. Angenitangaza ningemwita adui tukamaliza. Alininyamazia. Ukimya wake nimeubeba kwenye kila gari nililolifungua, na hasira ya ukimya huo mmeila wewe na mama yako.

Sasa kinachoniuma zaidi nikwambie. Ulipofika kwake alikujua. Ulisema mwenyewe, aliuliza jina la baba yako siku ya kwanza, kisha akakuonyesha pa kutundika ovaroli. Alikujua wewe ni damu ya nani, na bado akakufundisha kuijaza pampu oili kabla ya kuifunga. Mie mtoto wake nisingempa hata spana namba kumi. Ndiyo maana sikutaka uende. Si kwamba niliogopa atakufanyia ubaya. Niliogopa atakufanyia wema mpaka siku moja uniulize mwenyewe.

Basi nimejibu kabla hujauliza. Kama unataka kunichukia, kuanzia leo unajua sababu. Mpaka jana ulikuwa unanichukia kwa spana tu.

Mambo ya kula vizuri na kuvaa sweta na kusali atakwambia mama yako, anayajua. Mie sina ushauri mwingi. Utakosea. Utafunga kitu vibaya, mwenye gari atakuwa amekaa kwenye benchi anakutabasamia, na utakuwa na dakika tano. Siwezi kukwambia utafanya nini, maana najua nilichofanya mie. Nakwambia tu kwamba kufungua sampo ile upya kungenichukua siku moja. Ningetukanwa siku moja, mwalimu angekodi gari la mtu, kesho yake tungekunywa kahawa. Nilikataa siku moja. Hesabu inayobaki fanya wewe uliyesoma.

Hii pikapu nimeifanya hivi. Pampu ya zamani imelika, nimekuwekea kwenye mfuko chini ya kiti, ifungue siku ukiwa na nafasi utazame. Mpya nimeijaza oili, nimeizungusha kwa mkono mpaka ikatema. Chujio nimeliosha, mpira wake wa oringi nimeweka mpya. Uso wa sampo nimeukwangua mpaka ukang'aa, silikoni nimeivuta nyembamba kama uzi, na sitaigusa mpaka kesho. Waya wa taa nimeuunga kwa kuchomea risasi, sikufunga tepu. Alfajiri nitamimina oili, nitachomoa waya za koili ili injini isiwake, nitapiga stata mpaka taa izime yenyewe. Ndipo nitawasha. Utaikuta mlangoni inanguruma. Mie sitakuwepo, usinitafute. Sitaki tuagane mbele ya majirani huku umeninunia.

Njiani utazame ile taa. Inaweza kuwaka Kitonga, katikati ya mlima, malori nyuma yako yanapiga honi na matingo wanakutukana mama yako. Zima hapo hapo. Waache watukane. Usiseme nifike tu kwanza pale juu.

Ukifika, barua hii usimsomee Mwinyi. Ni yako. Yeye hana haja ya maneno yangu, alishanusa petroli. Mpe tu shikamoo yangu. Ananizidi umri, na toka siku ile sijampa. Asipoitikia usimkasirikie. Wewe umeninyima siku tano na bado nimekufungia gari.

Halafu mwambie alale chini ya pikapu, atazame sampo. Mwambie asichukue kalamu yako ya njano, wala wewe usiongeze kitu. Atazame tu. Kila bolti nimeikaza mwenyewe na kila moja nimeitia nyekundu. Kitambaa nimekichoma.

Baba yako.